Presha ya kupanda na ukuta wa damu na ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye kliniki ya presha hapa Dar es Salaam, ninapopima watu kabla hawajaingia kwa daktari. Mengi huulizwa mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa cha mashine, na mengine huulizwa mlangoni, mtu akiwa ameshaaga. Nimeyapanga kuanzia ya msingi. Jibu likishatolewa mahali pengine, nimeandika namba ya swali la kutazama.

## Mambo ya msingi

1. Huo ukuta kati ya damu na ubongo ni kitu gani?

Si ukuta mmoja wa kuonyesha kwa kidole. Ni jinsi mishipa midogo kabisa ya damu ilivyojengwa ndani ya ubongo. Sehemu nyingi za mwili, seli zinazotandika upande wa ndani wa mshipa huachiana vinafasi, na maji, chumvi na vitu vidogo hupenya kuingia kwenye nyama. Kwenye ubongo seli hizo zimebanana na kushonwa pamoja kwa protini kama klaudini na okludini. Kwa nje zimekumbatiwa na seli nyingine ziitwazo perisaiti, kisha kuna utando mwembamba, kisha miguu ya seli za ubongo ziitwazo astrosaiti, ambayo imeufunika mshipa karibu wote.

Mishipa hiyo ya mtu mmoja ukiiunganisha ncha kwa ncha inakaribia kilomita 600. Hiyo ni karibu safari ya basi kutoka Dar hadi Arusha, na yote imo ndani ya kichwa kimoja.

2. Unafanya kazi gani?

Unachagua. Hewa ya oksijeni inapita yenyewe. Sukari inapitishwa kwa mlango wake maalumu, na baadhi ya viini vya protini vina milango yao. Protini kubwa za damu, vijidudu vingi, sumu nyingi na hata dawa nyingi huachwa nje. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme na kemikali, na kemikali za damu zikiingia ovyo mazungumzo hayo yanavurugika.

Jambo hili lilianza kuonekana mwaka 1885, mtafiti wa Kijerumani Paul Ehrlich alipowadunga wanyama rangi kwenye damu akaona viungo vinashika rangi isipokuwa ubongo. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alifanya kinyume: rangi aliiweka kwenye maji yanayouzunguka ubongo, na safari hii ubongo ukashika rangi huku mwili mwingine ukibaki. Maungio yenyewe yaliyobanana yalionekana kwa hadubini ya elektroni mwaka 1967.

3. Presha inauharibuje?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu polepole. Waliokulia nyumba za Pwani wanakifahamu kifumbu, kile kifuko cha kusuka cha kukamulia nazi. Kikiwa kipya kinapitisha tui na kuzuia machicha. Kikikamuliwa kwa nguvu kila siku, mwaka hadi mwaka, msuko unalegea, na siku moja mama anaona machicha yanaelea kwenye sufuria. Kifumbu hakijachanika. Kimelegea tu.

Ukuta wa ubongo nao hulegea hivyo, ila wenyewe ni kitu hai, kwa hiyo mambo ni zaidi ya kukamuliwa. Kwanza kuna nguvu yenyewe ya damu inayopiga kila mapigo. Mishipa inayogawa damu hujikinga kwa kunenepesha kuta zake, halafu inakuwa migumu, na mipigo ambayo zamani ilikuwa ikipunguzwa njiani sasa inafika kwenye mishipa midogo ikiwa na ukali wake.

Pili kuna kemikali. Wengi wenye presha wana angiotensini II, kemikali ya mwili inayobana mishipa ya damu, inayofanya kazi kupita kiasi. Hiyo inashika seli za ukuta na kulegeza maungio. Ikipenya, inaziamsha seli za ulinzi zinazokaa pembeni mwa mshipa, nazo zinatoa kemikali kali za oksijeni zinazozidi kuuchoma ukuta. Tumejifunza mengi ya haya kutoka kwa panya wanaorithi presha, ambao ukoo wao ulipatikana Kyoto, Japani, na kutangazwa mwaka 1963.

Tatu ni kile kinachovuja. Protini za damu kama albumini na fibrinojeni hazina kazi ndani ya ubongo. Fibrinojeni ni ya kugandisha damu kwenye kidonda, na ikiingia ubongoni walinzi wa humo huichukulia kama dalili ya jeraha na kuanza vita. Vita hivyo ndivyo vinavyokula polepole nyuzi nyeupe, zile nyaya zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine.

4. Ni presha ya kiasi gani inayoleta shida?

Hapa tofautisha mambo mawili. Madhara ya polepole yanatokana na presha inayokaa juu kwa miaka, na kwa kawaida mtu anahesabiwa kuwa na presha akifika 140 kwa namba ya juu au 90 kwa namba ya chini, katika vipimo vya siku zaidi ya moja. Huhitaji kufika 200.

Madhara ya ghafla ni jambo jingine. Mishipa ya ubongo ina uwezo wa kujibana presha ikipanda na kujitanua ikishuka, ili damu inayoingia ibaki ileile. Kwa mtu asiye na ugonjwa, uwezo huo unafanya kazi wastani wa presha ukiwa takribani kati ya 60 na 150. Wastani unaupata hivi: chukua namba ya chini, ongeza theluthi moja ya tofauti kati ya juu na chini. Mwenye 120/80 ana 93. Mwenye 210/130 ana karibu 157, na hapo mishipa inaweza kushindwa kujibana, ikatanuka kwa nguvu na kumwaga maji kwenye ubongo. Kwa nini mipaka hii inatofautiana kati ya mtu na mtu, tazama swali la 17.

5. Je, ubongo wenyewe unaweza kupandisha presha?

Ndiyo. Kuna vipande vidogo vya ubongo ambavyo kwa asili havina ukuta huu, kwa sababu kazi yake ni kuonja damu. Kimojawapo ndicho kinachokutapisha ukila sumu. Angiotensini ya kwenye damu inapita kwenye vipande kama hivyo, na ubongo unajibu kwa kuamsha mishipa ya fahamu inayobana mishipa ya damu. Presha inazaa presha.

## Dalili na vipimo

6. Ukuta ukianza kuvuja, nitasikia nini?

Mara nyingi husikii chochote. Najua jibu hili halipendwi. Watu wengi huja wakisema, "Sista, leo presha imepanda, kisogo kinaniuma," tunapima tunakuta 124/78. Mwingine anakaa kitini anacheka, hana hata mafua, mashine inatoa 190/110. Kisogo si mashine. Usingizi mbaya, shingo iliyokaa vibaya kwenye daladala na njaa vyote vinauma kisogoni.

Dalili zinazotaka hospitali saa hiyohiyo ni hizi: kichwa kinachouma vikali pamoja na kuchanganyikiwa, kuona ukungu au kupoteza kuona, degedege, kutapika kusikoeleweka, uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu, maneno kutotoka. Usipite kwanza duka la dawa.

7. Kuna kipimo cha kuonyesha kama ukuta wangu umevuja?

Kipimo cha kidoleni au cha damu cha kufanyiwa zahanati hakipo. Watafiti hutumia MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, pamoja na dawa ya kung'arisha picha, wakaangalia dawa hiyo inavyopenya. Kwa mgonjwa wa kawaida, MRI huonyesha matokeo ya kuvuja: madoa meupe kwenye nyuzi za ubongo, vishimo vidogo vya viharusi ambavyo mtu hakujua amepata, na vitone vya damu ya zamani. CT-Scan, picha ya kichwa inayopigwa kwa eksirei, ni nzuri kwa kuona damu iliyomwagika kichwani na inafanyika haraka, lakini mambo madogo kama hayo mengi inayapita.

Hata hivyo, siwashauri watu wakope hela ya MRI ili kuutazama ukuta. Kipimo cha presha kilichofanywa vizuri kinakwambia cha kufanya: kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Pima mara mbili. Anayetoka mbio kituo cha mwendokasi akapimwa papo hapo atapewa namba ya mbio.

8. Kwa nini daktari alinimulika ndani ya macho wakati nimekuja kwa presha?

Kwa sababu nyuma ya jicho ndipo mahali pekee ambapo mishipa midogo ya damu inaonekana wazi bila kupasua mtu. Retina inatokana na ubongo na ina ukuta wake unaofanana sana na ule wa ubongo. Daktari akiona vidoa vya damu, maji yaliyovuja au mshipa wa fahamu wa jicho umevimba, anajua kichwani nako si salama. Ukipata nafasi ya kumulikwa, usiikatae.

## Kiharusi, kumbukumbu na mimba

9. Ukuta kuvuja ndiyo kiharusi?

Hapana, ila ni jirani. Kiharusi ni mshipa kuziba au kupasuka. Presha ya muda mrefu inaifanya mishipa midogo inayozama katikati ya ubongo kuwa migumu na dhaifu kwa wakati mmoja, ndiyo maana inaziba kirahisi na kupasuka kirahisi. Ukuta unaovuja ni sehemu ya ugonjwa huohuo wa mishipa midogo. Na kiharusi kikishatokea, ukuta wa eneo hilo unafunguka zaidi, ubongo unavimba, na uvimbe huo ndio unaoua baadhi ya wagonjwa siku za mwanzo.

10. Ni kweli Dar kiharusi kimezidi?

Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya katika eneo la Dar es Salaam na eneo la wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar 315.9. Karibu mara tatu. Takwimu hizo zina umri sasa, lakini mimi nikizisoma nawaona watu wa kitini kwangu: wengi hawakujua wana presha mpaka siku mkono ulipokataa kushika kikombe.

11. Baba anasahau sana na ana presha ya miaka mingi. Vinahusiana?

Vinaweza kuhusiana. Kusahau kunakotokana na mishipa midogo mara nyingi huja na upole wa kufikiri: mzee anajibu sawa lakini anachelewa, anashindwa kupanga hatua za jambo, mwendo unakuwa wa hatua fupifupi, mkojo unamwahi. Familia husema ni uzee, au kwamba amekuwa mkaidi. Mpelekeni apimwe, kwa sababu pia kuna visababishi vinavyotibika, kama tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 au damu iliyoganda kichwani baada ya kuanguka.

Kuhusu kinga, utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2019, wenye watu zaidi ya 9,300 wa miaka 50 na kuendelea, ulilinganisha kushusha namba ya juu ya presha chini ya 120 na kuishusha chini ya 140. Kwa waliolenga 120, walioanza kupungukiwa na kumbukumbu kwa kiwango cha awali walikuwa wachache zaidi, kwa takribani asilimia 19, na madoa meupe ya ubongo yaliongezeka taratibu zaidi kwao. Kwa ugonjwa kamili wa kusahau, tofauti haikuthibitika. Wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuwemo, kwa hiyo lengo la mzee wako apange daktari wake.

12. Kifafa cha mimba kinahusiana na ukuta huu?

Kinahusiana sana, na ningetamani kila nyumba ijue. Mjamzito aliyezidi wiki 20, presha ikafika 140/90, miguu na uso vikavimba, protini ikaonekana kwenye mkojo, yuko kwenye hatari. Ugonjwa huu unaharibu seli za ndani za mishipa ya mwili mzima, na za ubongo zimo. Kwa hiyo ukuta wake unashindwa mapema. Binti ambaye siku zote alikuwa na 100/60 anaweza kupata degedege kwa 160/110, namba ambayo mzee wa jirani anatembea nayo. Maji huvuja zaidi sehemu ya nyuma ya ubongo, inayoshughulika na kuona, ndiyo maana kabla ya degedege wengi husema wanaona nyota, ukungu au giza.

Wengine wakisikia hivyo hufikiria jini na kuita mtu wa kusoma kwanza. Dua isomeni mkiwa njiani kwenda hospitali. Huko atapewa magnesi salfeti, dawa ambayo katika utafiti uliotangazwa 2002 ilipunguza degedege kwa zaidi ya nusu, pamoja na ya kushusha presha. Na kujifungua hakumalizi hatari papo hapo. Mama aliyezaa wiki iliyopita akilalamika kichwa na macho, apimwe presha siku hiyohiyo. Tulimpokea mmoja ambaye nyumbani walikuwa wakimkanda kichwa kwa maji ya moto tangu alfajiri. Alipona, na mtoto wake sasa anatembea.

## Dawa na chakula

13. Nikitumia dawa, ukuta unajirekebisha?

Kwa wanyama, kushusha presha kumeonyeshwa kupunguza kuvuja, na dawa zinazozuia angiotensini, kama losartani na jamaa zake, zimefanya vizuri katika majaribio hayo. Kwa binadamu, uvimbe wa ghafla wa maji ubongoni mara nyingi huisha presha ikishushwa vizuri, na picha ya pili huonekana safi. Madoa meupe ya miaka mingi hayafutiki. Kinachowezekana ni kuyazuia yasiongezeke.

14. Presha yangu imekuwa 125/80 miezi mitatu. Niache dawa?

Imekuwa 125/80 kwa sababu unameza. Kuacha ghafla kunairudisha, na kwa baadhi ya dawa inarudi kwa kishindo. Ukiona inashuka mno, unasikia kizunguzungu ukisimama, rudi kliniki upunguziwe. Vidonge vikikuishia na hela hakuna, njoo useme hivyohivyo. Wapo watu wanaoona haya kulisema hilo wakapotea mwaka mzima, na mara nyingi daktari angeweza kuwabadilishia dawa ya bei ndogo.

15. Kama ukuta unazuia dawa, za presha zinaufikiaje ubongo?

Nyingi hazihitaji kuingia, zinafanya kazi kwenye mishipa, figo na moyo, na ubongo unafaidika kwa presha kushuka. Chache huingia. Propranololi inapenya kwa sababu inapenda mafuta, na ndiyo maana baadhi ya watu inawaletea ndoto za ajabu. Methildopa, wanayopewa wajawazito wengi, inafanana na kiini cha protini, kwa hiyo inapita kwenye mlango wa viini hivyo na kwenda kutuliza amri za ubongo zinazobana mishipa. Usingizi wanaolalamikia akina mama wanaoitumia unatoka hukohuko.

16. Nile nini? Vipi chumvi, rozela, kitunguu saumu, na dawa za maumivu?

Chumvi ni isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula. Hapa kwetu adui mkubwa ni ng'onda na papa mkavu. Samaki huyo amelazwa kwenye chumvi, halafu mchuzi wake unatiwa chumvi nyingine kwa mazoea. Loweka, mwaga maji, loweka tena, na mchuzi usiutie chumvi kabisa. Chipsi za jioni, waambie wasinyunyize. Mchicha, matembele, maharage na ndizi zina potasiamu inayosaidia, isipokuwa mwenye figo mbovu, ambaye aulize kwanza.

Rozela isiyo na sukari hushusha presha kidogo. Kunywa ukipenda, lakini haichukui nafasi ya kidonge. Kitunguu saumu vivyo hivyo.

Diklofenaki na ibuprofeni zinazonunuliwa kama pipi zinapandisha presha na kuchosha figo. Mwambie muuza duka una presha kabla hajakufungia dawa ya mgongo.

## Hali za pekee

17. Kwa nini mmoja ana 200 anatembea, mwingine ana 160 anaanguka?

Mwili unazoea. Aliyeishi na presha miaka kumi, mishipa yake imenenepa na mipaka ile ya swali la 4 imesogea juu. Anavumilia 200 bila dalili, ingawa ndani anaharibika polepole kama ilivyoelezwa kwenye swali la 3. Kwa sababu hiyohiyo, akishushwa ghafla hadi 110 ubongo wake unakosa damu. Mtu ambaye presha yake imepanda ndani ya siku chache tu, kwa ugonjwa wa figo au wa mimba, hajapata muda wa kuzoea.

18. Nimepima nyumbani nimekuta 200/120. Nimeze vidonge viwili, au niweke kimoja chini ya ulimi?

Hapana kwa yote mawili. Kaa, tulia, pima tena baada ya dakika 5 hadi 10. Ikibaki hapo na una dalili yoyote ya swali la 6, nenda hospitali sasa. Ikibaki hapo na huna dalili, meza dawa yako ya kawaida kama uliiruka, na umwone daktari siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Ile tabia ya zamani ya kutoboa kidonge laini cha nifedipini na kukimimina chini ya ulimi iliachwa kwa sababu iliwaangusha watu presha kwa kasi mpaka wakapata kiharusi na shambulio la moyo. Hata hospitalini, wengi wenye dharura ya presha hawashushwi zaidi ya robo ya wastani wao katika saa ya kwanza.

19. Mzee kalazwa kwa kiharusi, presha 190, na madaktari hawaishushi. Wamemtelekeza?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo naielewa. Kama CT-Scan imeonyesha mshipa umeziba, kandokando ya sehemu iliyokufa kuna eneo lililonusurika ambalo linaishi kwa damu kidogo inayosukumwa na presha hiyohiyo. Kuishusha haraka ni kulinyima. Ndiyo maana kwa mgonjwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, madaktari huweza kuiacha hadi karibu 220/120 kwa siku ya kwanza au mbili. Akipewa dawa hiyo, ambayo inafaa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, presha lazima iwe chini ya 185/110, kwa kuwa ukuta uliolegea ukipigwa na presha kubwa huku damu haigandi, damu itamwagika ndani. Kama picha imeonyesha mshipa umepasuka, huko nako presha hushushwa mapema, kwa uangalifu.

Muulizeni daktari swali moja: "Umeziba au umepasuka?" Jibu lake litawaeleza kwa nini namba ile kwenye mashine imeachwa ilivyo. Na mkumbukeni kumwambia saa kamili mzee alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho, si saa mliyomkuta sakafuni.